Warumi, wenyeji na jiwe la Regina: nadharia ipi ikusaidie kusoma mabadiliko ya utamaduni majimboni?

Mwaka 1878, huko South Shields kaskazini mashariki mwa Uingereza, lilipatikana jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Regina. Amechongwa akiwa amekaa kwenye kiti cha kusukwa kwa fito. Mapajani ana vijiti vya kusokotea uzi, kando yake kuna kikapu cha mabonge ya sufu, na mkono wake mmoja unafungua kisanduku cha vito. Shingoni ana mkufu mnene, mikononi bangili. Uso umevunjika, haupo.

Chini yake kuna maandishi ya Kilatini yanayosema kuwa Regina alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, kisha mke wa Barates, mtu wa Palmyra. Kwamba kabila lake ni Catuvellauni. Na kwamba alikufa akiwa na miaka 30. Palmyra iko Syria. Wacatuvellauni walikuwa wenyeji wa kusini mashariki mwa Britannia, jimbo la Roma katika Uingereza ya leo, kaskazini ya London. Kilatini hicho kina makosa ya sarufi. Ila chini kabisa kuna mstari mmoja wa Kiaramu cha Palmyra, umechongwa kwa mkono uliozoea: "Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole."

Jiwe ni la karne ya 2 BK. Mwanamke wa Britannia, mume wa Syria, kaburi lenye umbo la Kirumi karibu na mwisho wa ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka wa Roma kaskazini. Je, Regina alikuwa Mrumi?

Swali hilo wanaakiolojia wamelijibu kwa namna nyingi, na mwanafunzi anayeanza kusoma habari za majimbo ya Roma hukwama hapo hapo. Mwalimu mmoja anamwambia neno "urumishaji", yaani wenyeji kugeuka kuwa kama Warumi, limekufa, kitabu kingine kinalitumia kila ukurasa. Huku wanazungumzia upinzani, kule utandawazi. Nimeweka hapa nadharia tano kubwa ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya yule anayetakiwa kuchagua moja, au mbili, kabla ya kuanza kuandika.

Vigezo kwanza

Kila nadharia nitaiuliza maswali yale yale. Nani anayesukuma mabadiliko? Inategemea ushahidi wa aina gani? Inamwonaje mtu wa chini, na inasema nini juu ya mabavu? Inateleza wapi, na inamfaa nani? Halafu nitairudisha kwenye jiwe la Regina, maana nadharia isiyoweza kusoma jiwe moja haitasoma jimbo zima.

Kabla hatujaanza, kuna jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo mdomoni tayari. Mwandishi wa Kirumi Tacitus, akiandika mnamo mwaka 98 BK juu ya baba mkwe wake Agricola, gavana wa Britannia, anasimulia jinsi gavana huyo alivyowahimiza wenyeji kujenga mahekalu, viwanja vya mji na nyumba, na jinsi alivyowasomesha watoto wa wakubwa wao. Wakaanza kuvaa toga, vazi rasmi la Warumi. Wakazoea mabafu na karamu. Halafu anatia msumari: wao, kwa kutojua, waliyaita hayo *humanitas*, kumbe yalikuwa sehemu ya utumwa wao.

Ukitaka kuitafsiri *humanitas* kwa Kiswahili, neno la kwanza linalokujia ni "ustaarabu". Na ustaarabu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuwa kama Mwarabu. Pwani yetu ilikuwa na neno lake la zamani, uungwana. Ustaarabu ukashika nafasi enzi ambazo nguvu za utawala zilikuwa mikononi mwa Waomani. Kwa hiyo mjadala wa wanaakiolojia wa Roma si mgeni kwetu. Kila ukikuta sentensi inayosema watu fulani "walistaarabika" baada ya kutekwa, uliza: kwa kipimo cha nani?

1. Urumishaji: Roma inafundisha, wenyeji wanaiga

Hii ndiyo kongwe. Theodor Mommsen aliandika juu ya majimbo mwaka 1885, na mwaka 1905 Francis Haverfield alitoa mhadhara juu ya Britannia uliogeuka kuwa msingi wa fani hiyo Uingereza. Wote wawili waliishi katika zama za himaya za Ulaya, na maofisa wa himaya hizo walipenda kujitazama katika kioo cha Roma. Hilo peke yake haliibatilishi nadharia. Linatueleza tu kwa nini maswali fulani hayakuulizwa.

*Msukumaji.* Kwa Haverfield, mabadiliko yanashuka kutoka Roma. Mwaka 1990 Martin Millett aliigeuza hoja hiyo, na ugeuzaji wake ndio wengi wanaoutumia leo wanaposema urumishaji. Roma, alisema, ilikuwa na watawala wachache mno. Iliwaachia wakubwa wa kienyeji kazi ya kuendesha mambo. Wakubwa hao, wakitaka kulinda vyeo vyao, ndio waliojenga, wakavaa, wakajifunza Kilatini. Walio chini wakawaiga.

*Ushahidi.* Majengo ya umma, maandishi ya kwenye mawe, mahekalu, nyumba kubwa. Mfano unaonishika zaidi hautoki Britannia bali Lepcis Magna, katika Libya ya leo. Mwaka wa 1 hadi 2 BK tajiri wa mji, Annobal Tapapius Rufus, alijenga jumba la maonyesho kwa fedha zake mwenyewe, na akaandika hivyo mara mbili, kwa Kilatini na kwa Kipunisi, lugha ya Wafoinike wa Afrika Kaskazini. Jina lake la kwanza ni lile lile la Hannibal, jemadari wa Carthage aliyeitikisa Roma zamani. Hakuna aliyemshikia upanga ajenge. Alijenga kwa sababu mjini kwake jambo hilo lilimpa heshima. Hapo hoja ya Millett inasimama kwa miguu miwili.

*Mtu wa chini na mabavu.* Hapa ndipo penye upungufu. Sehemu kubwa ya watu wa Britannia waliishi mashambani, na wengi wao hawakuwahi kulala kwenye nyumba yenye sakafu ya michoro. Nyumba za msonge, zilizojengwa na mababu zao kabla ya uvamizi wa mwaka 43 BK, ziliendelea kujengwa kwa vizazi kadhaa. Nadharia hii ikizikuta husema: hawa hawajarumishwa bado. Neno "bado" linabeba mzigo mzito, kana kwamba njia ilikuwa moja na wao wamechelewa tu. Tena katika masimulizi haya, uasi wa Boudica, malkia wa kienyeji wa Britannia, wa mwaka 60 au 61 unaonekana kama ajali barabarani.

*Inapoteleza.* Inadhani Roma ilikuwa kitu kimoja. Chukua vyombo vyekundu vinavyong'aa ambavyo kila mchimbaji wa Britannia akivikuta huandika "vya Kirumi". Vingi vilitoka La Graufesenque, kusini mwa Ufaransa. Na hesabu za mafundi wa tanuri, zilizokwaruzwa kwenye sahani zenyewe, zinachanganya Kilatini na Kigalia, lugha ya wenyeji wa Ufaransa ya kale. Sahani ya "Kirumi" mezani Britannia ilikuwa kazi ya mikono ya watu ambao nao walitekwa.

*Inamfaa nani.* Anayechunguza miji, viongozi, utawala na ujenzi wa umma, hasa vizazi vya kwanza baada ya kutekwa. Ina faida nyingine: vitu vyake vinahesabika na kupangwa kwa tarehe, kwa hiyo mwanafunzi mwenye muda mfupi atapata pa kushika.

*Kwa jiwe la Regina* itasema: Kilatini, mavazi ya heshima, mkao wa bibi wa nyumba. Amekuwa Mrumi. Kuhusu ule mstari wa Kiaramu haina la kusema.

2. Upinzani: wenyeji waliokataa

*Msukumaji* hapa ni mwenyeji mwenyewe, anayeamua nini akipokee na nini akizuie. Kitabu kilichoisimamisha nadharia hii ni cha Marcel Bénabou, kilichotoka mwaka 1976, juu ya upinzani wa Afrika dhidi ya urumishaji. Angalia tarehe: Algeria ilikuwa imepata uhuru mwaka 1962. Kwa miongo mingi wakoloni wa Kifaransa walikuwa wameyatumia magofu ya Kirumi kama hati ya kumiliki ardhi, wakidai kuwa wamerudi tu mahali pao. Kusema kwamba Waafrika wa kale walikuwa na msimamo wao ilikuwa kuwarudishia watu historia yao. Naiheshimu nadharia hii kwa hilo, na sioni haya kusema hivyo.

*Ushahidi.* Vita, kwanza: Tacfarinas alipigana na majeshi ya Roma Afrika Kaskazini kuanzia mwaka 17 hadi alipouawa mwaka 24 BK. Halafu lugha, majina na miungu. Mungu Saturn aliyeabudiwa sana Afrika alikuwa na jina la Kirumi, lakini kwa watu wake aliendelea kuwa Baal Hammon wa zamani, mungu wa Carthage. Na kuna ushahidi mmoja nisioweza kuusahau. Augustine, askofu wa Hippo, anaeleza kwamba wakulima wa maeneo yake wakiulizwa ni watu gani, hujibu kwa Kipunisi: *Chanani*. Wakanaani. Hii ni zaidi ya miaka 500 baada ya Carthage kubomolewa mwaka 146 KK.

*Mtu wa chini na mabavu.* Anaonekana, na mabavu yanatajwa kwa jina lake.

*Inapoteleza.* Kuendelea na jambo la zamani si lazima kuwe ni kukataa jipya. Mkulima aliyejenga msonge huenda alikataa Roma, huenda hakuwa na uwezo wa kujenga vingine, au huenda msonge ulimtosha na ulimpendeza. Udongo hautofautishi nia hizo kwa urahisi. Tena mpinzani mwenyewe mara nyingi ana mguu pande zote mbili: Tacfarinas alikuwa ametumikia kama askari msaidizi wa Roma kabla ya kuasi, na wafuasi wake akawapanga kwa utaratibu wa kijeshi aliojifunza huko. Ukigawa watu mafungu mawili, waliopokea na waliokataa, huyu utamweka wapi?

*Inamfaa nani.* Anayesoma Afrika Kaskazini, maeneo ya milimani na mipakani, dini za kienyeji, na lugha. Inamfaa pia mwandishi wa historia ya darasani katika nchi ambayo vitabu vyake bado vinaanza na mtekaji.

*Kwa Regina* itashika neno moja, Catuvellauni. Baada ya utumwa, ndoa na kifo, kabila lake liko jiweni. Lakini tukumbuke kwamba hakuandika yeye. Aliandika mumewe, au fundi aliyelipwa na mumewe.

3. Ukrioli: msamiati mpya, sarufi ya zamani

Jane Webster alileta hoja hii mwaka 2001, akiiazima kutoka kwa wanaakiolojia wa Amerika na Karibi waliochimba makazi ya watumwa. Krioli tunaifahamu, majirani zetu wa Ushelisheli na Morisi wanaiongea kila siku. Wazo ni kwamba mtu aliye chini ya utawala anaweza kuchukua vitu vya mtawala, vyungu, sanamu, maneno, lakini akavitumia kwa kanuni zake mwenyewe, na kwa nje usione tofauti.

*Msukumaji* ni mtu wa kawaida, katika mambo ya kila siku: kupika, kuomba, kuzika.

*Ushahidi.* Vitu vidogo, na namna vilivyotumika. Webster alimtumia Epona, mungu wa kike wa farasi wa Wakelti. Enzi za Warumi alichongwa kwa umbo la mwanadamu kama miungu yao, lakini farasi hakumwacha, na hakuvikwa jina la mungu wa Kirumi kama wenzake wengi. Mimi napenda zaidi mfano wa Bath. Kwenye chemchemi ya maji moto ya mungu Sulis Minerva, jina lenyewe likiwa nusu la kienyeji na nusu la Kirumi, zimetolewa takriban pande 130 nyembamba za madini ya risasi zilizoandikwa apizo. Mtu mmoja, Docilianus, ameibiwa joho lake lenye kofia. Anamkabidhi mungu mwizi huyo, awe mume au mke, mtumwa au mwungwana, asipate usingizi wala watoto, mpaka alirudishe joho hekaluni. Msomaji wa pwani ambaye amewahi kusikia mtu aliyeibiwa akitishia kusoma albadiri ataelewa mara moja hali ya moyo wa Docilianus. Herufi ni za Kilatini, na maneno yamepangwa kama ya mahakamani. Anayeombwa, na mahali anapoombewa, ni pa wenyeji tangu kale.

*Mtu wa chini na mabavu.* Huyu ndiye mtu wake hasa. Hakuna nadharia nyingine kati ya hizi inayomtazama mtumwa, mpishi na mwabudu wa kijijini kwa karibu hivi.

*Inapoteleza.* Mara mbili. Kwanza, neno limezaliwa katika utumwa wa Atlantiki, na ukilihamisha unahama na mazingira yake; si kila jimbo la Roma lilikuwa shamba la miwa. Pili, likitumiwa kivivu, kila kitu kinakuwa "mchanganyiko" na mchanganyiko unaonekana mtamu, wala hausikii mjeledi. Sisi tunalijua tatizo hili kwa lugha yetu. Mara ngapi umesikia Kiswahili kikiitwa lugha ya mchanganyiko, na anayesema hivyo amehesabu maneno ya Kiarabu bila kutazama sarufi, ambayo ni ya Kibantu tangu kichwani hadi kwenye viambishi? Kuona mseto ni rahisi. Kazi iko kwenye kuonyesha kipi ni msamiati na kipi ni sarufi.

*Inamfaa nani.* Mchambuzi wa dini, chakula, vyombo vya nyumbani na maziko, mwenye ushahidi wa kutosha wa *matumizi*. Kama una orodha ya vyungu bila kujua vilikutwa wapi na vilipikiwa nini, usiiguse.

*Kwa Regina* ndiyo inayong'aa. Ule mkao wa bibi mwenye uzi na kisanduku tuliouita wa Kirumi, nyumbani kwa Barates wanawake walichongwa kwenye makaburi yao wakiwa na vijiti vile vile vya kusokotea. Huenda basi tunatazama maziko ya Palmyra yaliyovaa nguo ya Kilatini.

4. Utambulisho usiolingana: uzoefu wa kila mmoja mbali

David Mattingly, aliyefanya kazi Libya na Britannia, alichukua wazo kutoka kwa Edward Said, mhakiki wa ukoloni mwenye asili ya Palestina: chini ya himaya moja, watu wanapitia mambo yasiyolingana. Katika kitabu chake cha 2006 juu ya Britannia alipanga jamii kwa makundi matatu: jeshi, miji, na mashamba. Kila moja lilikuwa na namna yake ya kuwa, au kutokuwa, Mrumi.

*Msukumaji* ni hali ya mtu: cheo, kazi, jinsia, umbali wake na kambi. Mabavu yamekaa katikati ya hoja, hayako pembeni.

*Ushahidi* anaoutaka ni mwingi na wa kulinganisha. Vindolanda, ngome iliyo kusini kidogo ya ukuta wa Hadrian, ni mahali pazuri pa kuona. Kuanzia mwaka 1973 vimechimbuliwa vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Kimoja, cha mnamo mwaka 100 BK, ni mwaliko: Claudia Severa anamwita rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, na mwishoni, baada ya mwandishi kumaliza, ameongeza salamu kwa mkono wake mwenyewe. Kibao kingine kutoka ngome hiyo hiyo kinawadharau wenyeji kwa neno *Brittunculi*. Kiswahili kinalipata neno hilo kwa urahisi kuliko lugha nyingi: vijibritoni. Na waliokuwa wakikaa ngomeni humo walikuwa Wabatavi, watu wa mlango wa mto Rhein, ambao wao wenyewe walikuwa wameingizwa ndani ya himaya. Ukisimama Vindolanda, swali la "Warumi dhidi ya wenyeji" linakufa mkononi.

*Inapoteleza.* Makundi matatu yanaweza kuwa makabati matatu. Mtu halisi anahama: mwana wa shamba anaingia jeshini, askari mstaafu ananunua shamba. Halafu nadharia hii inadai takwimu za maeneo mengi, kazi ambayo insha ya wiki mbili haiibebi.

*Inamfaa nani.* Mtafiti wa shahada ya juu mwenye data ya ngome, mji na kijiji katika eneo moja, na yeyote ambaye swali lake ni nani alifaidi na nani aliumia.

*Kwa Regina* inauliza swali ambalo nadharia nyingine zinalipita kimyakimya: msichana wa kabila lililo ndani ya jimbo alifikaje utumwani? Na je, aliweza kumkatalia ndoa mtu aliyekuwa akimmiliki? Jiwe linaonyesha mapenzi na huzuni, naamini ni vya kweli. Pia linaonyesha umiliki, kwa lugha mbili.

5. Utandawazi: dunia iliyofungamana

Richard Hingley aliandika juu ya hili mwaka 2005, na kitabu kilichohaririwa na Martin Pitts na Miguel John Versluys mwaka 2015 kikalipa uzito. Hapa hatuulizi nani aliiga nani. *Msukumaji* ni mwendo wenyewe wa vitu, watu na mitindo, na jinsi kitu kimoja kinavyopata maana tofauti kila kinapotua.

*Ushahidi* ni mkubwa na wa kuonekana. Ndani ya Roma kuna kilima, Monte Testaccio, ambacho chote ni vigae vya mitungi, mingi ikiwa ya mafuta ya zeituni kutoka kusini mwa Hispania. Na hauishii mipakani. Bandarini Berenike, pwani ya Bahari ya Shamu nchini Misri, ndani ya hekalu ulikutwa mtungi wa Kihindi wenye kilo 7.5 za pilipili manga. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK, uliopita njia hizo hizo, unafika hadi Rhapta, kituo cha biashara katika pwani ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo dunia ya Regina inapoigusa ya kwetu.

*Mtu wa chini na mabavu.* Hafifu. Nani alibeba mitungi ile? Vitu vinatembea, watu wanafifia. Msomaji asipoangalia atadhani majeshi hayakuwahi kupita.

*Inamfaa* mchambuzi wa vyombo, biashara, bandari na mitindo inayofanana kutoka Syria hadi Britannia. Na yule anayetaka kutoka kwenye ugomvi wa Mrumi na mwenyeji kabisa.

*Kwa Regina*: mtu wa Palmyra kwenye ukungu wa kaskazini, jiwe la mtindo unaojulikana himaya nzima, mwandiko wa jangwani. Inaeleza vizuri jinsi vilivyokutana. Haielezi ni kwa nini mmoja alikuwa mali ya mwingine.

Sasa uchague vipi

Kama insha yako ni juu ya mji mmoja na majengo yake, anza na Millett. Usiogope kwamba neno urumishaji limepitwa. Eleza mapema unalitumia kwa maana ipi, kisha ongeza aya moja kuhusu waliokaa nje ya mji. Togidubnus, mfalme wa kienyeji aliyejiita kwa majina ya Kaisari Claudius kwenye jiwe lililopatikana Chichester mwaka 1723, atakufaa kama mfano.

Kama unaandika juu ya Afrika Kaskazini, msome Bénabou halafu mweke Annobal pembeni yake, maana jimbo lile lile lilizaa wote, Tacfarinas na mjenzi wa jumba la maonyesho. Atakayechukua mmoja amwache mwingine ataandika nusu.

Mwenye vyungu vya jikoni, mifupa ya chakula au madhabahu ndogo za nyumbani, aende kwa Webster. Mwenye maelfu ya vigae vya mitungi iliyotoka mbali, aende kwenye utandawazi, lakini aazime swali moja kutoka kwa Mattingly: nani alilipwa?

Kama kazi yako ni ya uzamili na una muda, oanisha utambulisho usiolingana na ukrioli. Kwa maoni yangu ndiyo ndoa inayokaa vizuri, kwani mmoja anatazama jamii kutoka juu na mwingine anainama jikoni.

Mwalimu wa sekondari anayetaka wanafunzi waelewe kwa saa moja, atumie sentensi ya Tacitus na neno ustaarabu, mengine yatakuja yenyewe.

Mwanaakiolojia wa pwani yetu anayepita huku kutafuta mbinu, ana hazina tayari nyumbani. James Kirkman alipoanza kuchimba Gede mwaka 1948, miji ya mawe ilisomwa kama kazi ya wageni waliohamia. Baadaye Mark Horton alipochimba Shanga, alikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine, ule wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Kwake nadharia zote tano zije baada ya kushuka hadi tabaka hilo la mwisho, la mashimo ya nguzo.

Na kama ulichonacho ni kitu kimoja tu, kaburi moja, jina moja, usichague kwanza. Chora kila mstari wa maandishi, kila kidole, kila kikapu. Kwa Regina ningeanza na ule mstari wa chini wa Kiaramu. Pale South Shields waliokuwa na uwezo wa kuusoma hawakuweza kuwa wengi. Barates aliuandikisha hata hivyo.